Matanga ya Marehemu Magazeti

Ndugu yangu, kama una mke, watoto watatu na mama mkwe aliyekuja kukaa miezi miwili, sogea hapa tulie pamoja. Kama huna, soma tu, yako yanakuja.

Sisi tunaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako ukifika mwezi wa kumi mtu akipumua anatoa moshi kama tanuri la mkaa. Tarehe 31 ya mwezi huo ni Halloween. Wahamiaji kutoka Ireland ndio walioieneza sana huku katika karne ya 19, pamoja na ile desturi ya kuchonga vichwa vyenye meno na kuwasha mshumaa ndani. Kwao walichonga mizizi migumu kama figili nene. Walipofika Marekani wakakuta maboga, mikono yao ikapumzika. Jioni hiyo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakidai: tupeni pipi, ama tuwafanyie visa. Mimi huwa nacheka. Visa gani tena, na vyangu vimejaa hadi darini?

Chanzo cha yote ni jirani. Mwaka 2020 Home Depot walianza kuuza mifupa ya plastiki yenye urefu wa futi 12 kwa dola 299, na jirani yetu anayo. Imesimama uani kwake, inachungulia dirisha letu la juu. Mwanangu wa kwanza, Injinia (keshafungua rimoti tatu, hajafunga hata moja), akaniambia, "Baba, na sisi tunataka maiti." Nikamtazama mama yake, ambaye humu ndani cheo chake ni Benki Kuu. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Tengenezeni. Dola 10." Kikao kikafungwa.

Basi tukahamia gereji. Mifupa tulisokota magazeti na kuyazungushia utepe wa gundi. Mbavu tulikunja henga za waya, na siku ya pili mashati yangu yote yakawa yanalala sakafuni. Meno yalikuwa punje za bisi, tukazipanga kwa gundi moja moja. Mchwa, kitinda mimba wetu wa miaka minne, alikula magego mawili kabla hayajakauka. Kucha ni mbegu za boga. Hilo lilikuwa wazo la Wakili, binti yetu wa kati, na lazima nikiri: ukizipaka uchafu kidogo pembeni, unaweza kuapa kwamba mtu huyo alikufa akichimba muhogo.

Ngozi ndiyo ilinifanya nijione msanii. Unachukua ile plastiki nyembamba ambayo mafundi rangi hutandika sakafuni, unamviringishia maiti wako, kisha unapuliza hewa moto kwa mashine ya kubandulia rangi kuukuu (ya kuazima kwa jirani huyo huyo, ndiyo, sina aibu). Plastiki inajikunja, inang'ang'ania mfupa, inatoboka hapa, inaacha nyuzinyuzi pale. Ukishapaka rangi ya mbao ya kahawia na kuifuta kwa tambara, ile rangi inabaki kwenye mikunjo tu. Ghafla mbele yako kalala mtu aliyekauka miaka mia. Pia ghafla king'ora cha moshi kinalia, kwa sababu niliposema ufunguliwe mlango wa gereji, ulifunguliwa ule wa jikoni.

Damu tulichanganya shira ya mahindi, rangi nyekundu ya keki na kijiko cha kakao ili isifanane na sharubati. Hapo nikajitia ualimu. Nikawaeleza watoto kwamba Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu ya Psycho, mwaka 1960, damu yake ilikuwa shira ya chokoleti, kwani filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, nani angejua? Nilipogeuka, Mchwa alikuwa ameshamlamba marehemu hadi kiwiko.

Nywele? Usiniulize. Benki Kuu alikuwa amenunua rasta za kusukia Jumamosi. Siku hizi hatuzitaji. Ila ili kulipiza, suti aliyovishwa maiti ni suti yangu ya harusi. "Haikuingii tangu Mchwa azaliwe," akasema, akafunga kifungo mwenyewe.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukumwambia. Mama mkwe, ambaye kwa siri namwita Mkuu wa Mkoa (ukimwambia, nitakukana), alikuwa ndani na homa ya baridi. Alfajiri ya tarehe 31 akaamka kuswali, kisha akaenda gereji kuchukua unga wa chapati. Nikamsikia akifungua mlango. Nikajifunika shuka nikisubiri yowe.

Yowe halikuja. Zikaja hatua za ndara, taratibu, kisha hodi.

"Mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko gereji kuna mtu amelala vibaya."

Tulisahau jambo moja, ndugu yangu. Mtaani kwake Tanga, Mkuu wa Mkoa ni muosha maiti wa miaka mingi. Nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyewahi kumshika marehemu halisi.

"Mama, ni magazeti yale."

"Najua ni magazeti, nimeyasoma mgongoni. Lakini mmempa sura ya mtu."

Akaomba maji ya vuguvugu. Akamfuta damu yote, saa tatu za kazi yangu. Kidevu akakifunga kwa kitambaa mpaka utosini, ili mdomo usiachame. Macho yakafumbwa kwa gundi ya Injinia. Miguu, tuliyoipinda kwa ustadi ili itishe, ikanyooshwa. Injinia akalia: "Bibi, sasa hatatisha!" Bibi hakusimamisha mkono. "Muosha huoshwa, mjukuu wangu. Lete ile khanga."

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, zombi wetu alikuwa amegeuka marehemu mwenye heshima zake, kalazwa barazani, kafunikwa khanga mpaka kifuani, anasubiri ndugu wa mbali. Na kwa kuwa maiti haachwi peke yake, Mkuu wa Mkoa akavuta kiti, akajifunika blanketi gubigubi, akakaa kichwani pake na tasbihi yake. Baridi ile, hakutikisika.

Akaja mtoto wa kwanza, kavaa joho la Batman. Akamtazama maiti, akacheka. Akanyoosha mkono kwenye bakuli la pipi. Blanketi likasema, "Karibu mwanangu, shika mbili."

Joho tulilikuta kwenye ua wa waridi.

Habari zikasambaa. Watoto wakaja kutoka mitaa ambayo sijui hata majina yake, wakapanga foleni, wakisukumana nani aende kwanza kwa "yule mdogo anayepumua". Mifupa ya futi 12 ikabaki inachungulia peke yake. Saa mbili usiku pipi zikaisha, nikatumwa dukani mara mbili: dola 34. Benki Kuu alisema hizo haziingii kwenye bajeti ya maiti, zinaingia kwenye yangu.

Kesho yake nikaleta mfuko wa taka. Mkuu wa Mkoa akanitazama tu. Nikaurudisha.

Hivyo Marehemu yuko gereji hadi leo, na suti yangu. Gari linalala nje, nami kila asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo, huku jirani akinifariji kwamba theluji ya Halloween ya mwaka 1991 ilipita sentimita 70, hii si kitu. Mama mkwe amerudi Tanga. Kila Ijumaa anapiga simu: anawajulia hali wajukuu, anamjulia hali binti yake, anauliza kama Marehemu bado amefunikwa vizuri. Mimi huulizwa mwisho, salio likibaki.