Jinsi ya Kutembea Bila Kuondoka Kitini

Kwanza azima gazeti. Fumbo la maneno hunoga ukilijaza kwa kalamu ya wino kwenye gazeti la mwenzio, naye hajafika ukurasa wa michezo.

Ukikuta "Kwenda kwa miguu", visanduku sita, andika A kwenye kisanduku cha mwisho, kisha itikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulipata jibu. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na A, kwa hiyo hujakosea, na kijiwe kizima kimekuona. Kimbembe ni vile vitano vilivyobaki. Tembea, sita. Zurura, sita. Jongea, sita. Tambaa, sita. Hata chopea, mwendo wa mwenye mguu mbovu, ni sita ukitenganisha C na H. (Wapo wanaozibana kisanduku kimoja. Hao msicheze nao.) Ukipewa nane usishangilie: huenda ni kutembea, huenda ni pepesuka, inategemea mtunzi alilipwa lini mshahara.

"Mwendo wa punda", sita, ni matiti. Kamusi itakutetea, ila mbele ya mama mkwe soma kidokezo kwanza, jibu baadaye. Vikiwa vitano jaza telki, ushukuru Mungu.

Nacho "Kutembea na mke wa jirani" kisikuhangaishe na maneno ya miguu. Hapo hakuna anayetembea.

Lawama zote mpelekee Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliyechapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Aliliita kwa jina lililokaa kinyume na la leo. Baadaye mpanga chapa akayageuza maneno mawili ya jina hilo kwa bahati mbaya, na kosa ndilo likashika. Wynne hakuwa na shida na kitenzi kinachobeba watu, wakati na ukanushi mgongoni kama mpagazi. Sisi tukisema tu hatujatembezana, tumekwisha kuziba herufi 15, yaani mstari mzima wa fumbo la kawaida la 15 kwa 15, na ugomvi wa wapenzi umo humohumo.

Ukishindwa kabisa, fuata kanuni ya bibi: toa mji. Kwenye kitendawili aliyeshindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili huenda kuutembea kwa maneno, akala na kunywa huko, ndipo akatoa jibu. Basi andika MOMBASA. Ni herufi saba kwa visanduku sita, lakini A ya mwisho imeshakaa mahali pake. Hizo nyingine zibane.

Likunje gazeti vizuri, mrudishie mwenyewe kwa mikono miwili, uondoke kwa neno la herufi tano: nyata. Akilifungua kabla hujakata kona, timua. Nayo ni tano.