Trekta Lililogoma Kuzimika

Kwa mama mkwe wangu, Ismani, betri ni moja na wanaoihitaji ni wawili: trekta na televisheni. Trekta ni Ferguson TE20 la petroli, yale ya kijivu yaliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, yakapita nusu milioni. Televisheni ni ya shemeji. Mchana wa kulima betri hukaa kwenye trekta. Jioni, Simba au Yanga ikiwa uwanjani, shemeji huifungua kwa spana na kuibeba begani hadi sebuleni. Mume wangu, Baba Imani, atakwambia chanzo cha balaa kilikuwa dainamo. Usimsikilize.

Ni kweli dainamo ilikuwa na udhaifu wake. Dainamo haitoi chaji ya maana mpaka injini ivume, kwa hiyo trekta likisimama linanguruma polepole huwa linaila betri badala ya kuilisha. Ongeza mechi yenye dakika za nyongeza, na asubuhi ukisukuma gia hadi kwenye herufi S, ambako ndiko trekta hili huwashiwa, selfu inasema "tik" na kunyamaza. Hapo ndipo Mama hutoka jikoni na hendeli. Anaichomeka mbele, anaishika kidole gumba kikiwa upande mmoja na wenzake, maana injini ikirudisha kwa nguvu, gumba lililozungushwa huvunjika, kisha anaivuta juu kwa mkupuo mmoja. Umri wake hatuutaji. Yeye husema tu kwamba trekta lilikuwa tayari limezeeka Krismasi ya 1971, siku Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa palepale Ismani. Hilo likishatajwa, anabadilisha mazungumzo.

Baba Imani hakupenda kumwona mama yake akizungusha hendeli wakati wanawe wawili wamesimama wanatazama. Dawa angeweza kuipata kwa kumkataza mdogo wake kubeba betri. Badala yake alikwenda Mwanjelwa, Mbeya, akarudi nyumbani kwetu Uyole na altaneta kuukuu ya Corolla, na kifaa cha kielektroniki cha kuchukua nafasi ya platini, zile zinazokata umeme wa koili ili cheche itoke. Fedha ilikuwa ya mbegu zangu za viazi. Altaneta ikasafiri mapajani mwangu zaidi ya kilomita 300, Chimala, Makambako, Mafinga, mpaka tunashuka Ipogolo kitenge changu kimeshapata ramani ya grisi.

Fundi umeme tulimpata mjini Iringa, kijana mwepesi wa mikono. Kwanza puli ya altaneta ilikuwa nyembamba kuliko mkanda mpana wa trekta, ikabidi ivuliwe, ifungwe ya dainamo baada ya kuchongwa tundu. Kisha akainama kwenye betri, akacheka. Waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, mtindo wa Waingereza wa miaka ile, na Mama aliuviringishia kitambaa chekundu ili asiyejua asikosee: nyekundu na chanya. Altaneta ya Corolla inataka kinyume chake, hasi kwenye bodi. Fundi akaigeuza betri, akageuza waya za koili na za mita ya chaji. Selfu haikujali, ile huzunguka upande uleule hata umeme ukigeuzwa. Platini zikatolewa. Mama akaziomba, akazifuta kwa pindo la khanga na kuzitia kwenye kopo la vifungo.

Trekta likawaka mara moja. Mshale wa mita ukaegemea upande wa chaji hata injini ikiwa inavuma chini kabisa, na Baba Imani akatutazama mmoja mmoja, mimi mwisho. Akazima swichi.

Trekta likaendelea.

Akaiwasha tena swichi, akaizima. Likaendelea. Akachomoa ufunguo akautia mfukoni, kana kwamba trekta likiona ufunguo umeondoka litaona haya. Kuku walishapanda paa. Majirani waliokuwa wakitoka kanisani wakasimama uani, na mzee mmoja akauliza, kwa heshima zote, kama ndiyo teknolojia mpya. Mama akapita katikati yao, akainama chini ya tangi, akafunga koki ya petroli. Injini ikamaliza kilichobaki kwenye kabureta, ikakohoa, ikanyamaza.

Fundi alipata jibu baada ya chai. Alikuwa ameunga waya wa taa ya chaji moja kwa moja kwenye swichi, bila taa. Altaneta ikizunguka, umeme ulikuwa unarudi kwa njia hiyo hadi kwenye koili, na cheche hazikatiki. Akaweka balbu ndogo katikati ya ule waya. Umeme unaopenya balbu ni kidogo mno kuishibisha koili. Trekta likazimika kistaarabu. Tukala wali.

Usiku huo kulikuwa na mechi.

Asubuhi, kabla hatujaamka, shemeji aliirudisha betri kwa kufuata utaratibu aliofundishwa miaka yote: waya wenye kitambaa chekundu kwenye chanya. Kitambaa kilikuwa bado kwenye waya wa bodi. Aliona cheche kubwa, akadhani haijakaza, akaikaza, akawasha swichi. Harufu ya waya kuungua ndiyo iliyotuamsha. Diodi za altaneta zilikuwa zimekufa, na kifaa cha kielektroniki kikazifuata.

Baraza lilikaa jikoni. Fundi, kwa simu, alisema alilipwa kuhamisha waya, si vitambaa. Baba Imani alisema mtu mzima huuliza. Mimi nilimtetea shemeji: katika nyumba nzima yeye ndiye pekee aliyefuata maelekezo, na waliobadilisha maelekezo walikuwa wamelala. Mume wangu alikasirika, akatoka kwenda kulitazama trekta, ambako hakukuwa na jipya la kuona.

Mama alitoa hukumu huku akichambua maharage. Altaneta iende mjini ikabadilishwe diodi, kwa fedha ya Baba Imani. Shemeji auze magunia anunue sola na betri yake mwenyewe. Platini zirudi mahali pake, akazitoa kwenye kopo, na mwanya akaupima kwa kipande cha jalada la daftari, kama thuluthi ya milimita. Hazina chanya wala hasi za kuwagombanisha. Kitambaa alikifungua mwenyewe, akakifungia upande wa pili.

Trekta lililima Desemba yote. Mbegu za viazi nilizipata kwa mkopo wa kikoba, ambao bado tunaulipa. Sasa shemeji amepiga simu kuuliza kama altaneta moja inaweza kuchaji betri mbili kwa pamoja, na Baba Imani amemjibu kwamba Mwanjelwa kuna kifaa cha kazi hiyo. Nimemwambia safari hii tunakwenda wote, na pochi naishika mimi.