Weka Fimbo Chini, Punda Akufundishe

Mwenye mkokoteni wa Nyahanga, Kahama, akioneshwa kwenye simu jinsi Mfaransa Frédéric Pignon alivyocheza na farasi wake Templado, dume lenye singa ndefu lililomzunguka, kugeuka na kuja kusimama mbele yake bila kamba wala hatamu, kwanza atasema farasi yule amenyweshwa dawa. Kisha atauliza farasi wanauzwa wapi. Templado hakunyweshwa kitu. Na habari za kununua farasi mtu asijisumbue nazo, maana nchi hii imekwisha kuzika farasi wa kutosha.

Msafiri Henry Morton Stanley aliondoka pwani mwaka 1871 na farasi wawili, na wote wawili wakafa safari ikiwa bado changa. Kisha yupo mbung'o: hubeba vimelea vya ugonjwa wa nagana, na farasi hana nguvu ya kupambana navyo. Mkoa wetu unalijua jambo hilo kuliko mingine: enzi za Mwingereza, utafiti wa mbung'o wa Tanganyika nzima ulikuwa na makao yake Shinyanga, ukiongozwa na C.F.M. Swynnerton, na mapori yalifyekwa na kuchomwa ili ng'ombe wapate mahali pa kuishi. Punda aliendelea na kazi pale farasi aliposhindwa. Tena ni mwenyeji: wanasayansi waliochunguza vinasaba vyake walieleza mwaka 2022 kwamba punda wote wa dunia wana asili moja, walifugwa kwanza upande huu wa mashariki ya Afrika, miaka 7,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa punda. Anayetaka kumfundisha mnyama amfuate kwa hiari, asimame anaposimama na ageuke anapogeuka, pasiwe na kamba kati yao, anaye tayari nyuma ya nyumba yake, amefungwa mguu kwenye mwembe.

Somo la kwanza ndilo gumu kuliko yote, na ni la mwenye punda: weka fimbo chini. Kuificha mgongoni hakutoshi, wala kumpa mtoto akushikie. Punda ameisomea fimbo hiyo miaka mingi, anaijua ilipo hata ukiwa umeiegemeza ukutani. Iache nyumbani. Siku za mwanzo mkono utakuwa unapanda wenyewe hewani, na watu watadhani unawapungia. Wapungie. Wengi wetu tumeswaga punda tangu utotoni na hatujawahi kusimama karibu naye mikono mitupu. Hatujui mikono hiyo tuiweke wapi. Iteremshe tu, ikae pembeni ya mapaja, viganja wazi. Ukishaweza hilo umefika mbali kuliko mtu anayejua kupiga mluzi wa aina kumi.

Na ule msemo wa punda afe mzigo ufike, uache nyumbani pamoja na fimbo. Aliyeutunga hakuwahi kwenda mnadani kutafuta punda wa pili.

Kabla ya kuingia zizini, mkague. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mafunzo mengi yanapofia bila mtu kujua. Punda huficha maumivu. Mbuzi akiumia mtaa mzima utajua. Punda atasimama kimya, masikio yamelegea, nawe utasema ni mpole leo. Anza na kwato: zilizorefuka mbele zikapinda, au zenye jiwe lililokwama, zinamfanya kila hatua iwe adhabu. Kisha pitisha kiganja taratibu shingoni, begani, kwenye mgongo na pale mkanda unapopita chini ya mkia. Ukikuta kidonda, hakuna somo mpaka kipone. Mwone daktari wa mifugo, na mkokoteni ukae.

Kidonda cha shingoni kwa kawaida kina sababu moja, nayo tumeitengeneza wenyewe. Tumechukua nira ya maksai tukamvika punda. Ng'ombe wetu wana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu, ikipata pa kusukumia. Punda hana nundu. Shingo yake imelala, ngozi ni nyembamba juu ya mfupa, na mti ule hauna pa kushika, basi unasugua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nguvu za punda ziko kifuani. Anatakiwa mkanda mpana wa kifua, laini upande wa ndani, uliokaa chini ya koo lake usimkabe na juu ya kiungo cha bega usimzuie kutembea, na mwingine mwepesi wa kuushikilia juu ya mgongo usishuke. Kipande cha turubai kilichokunjwa na kushonewa blanketi kuukuu kinatosha. Kamba ya katani tupu haitoshi. Nimeona punda aliyesemwa ni mvivu akivuta mkokoteni uleule, barabara ileile, baada ya kubadilishiwa nira kwa mkanda wa kifua. Uvivu ulikuwa wa nira.

Sasa zizi. Mduara wa hatua kama 20 kutoka upande hadi upande unafaa, usio na kona za kujibania. Kama ua ni wa minyaa, angalia matawi yanayochungulia ndani uyakate mapema, kisha usubiri yakauke kabla ya kumwingiza mnyama. Utomvu wake ukiingia jichoni, lako au la punda, somo litahamia hospitali. Ondoa misumari, chupa na mabati. Kama una punda wawili wanaolala pamoja, walete wote, mwenzake akae pale anapoonekana. Punda hushikamana na rafiki yake kwa dhati, na ukimtenganisha naye akili yake yote itakuwa nje ya ua inamtafuta.

Siku ya kwanza, mfungue kamba, ingia, simama katikati, usifanye kitu. Nasisitiza: usifanye kitu. Usimwite wala usimkodolee macho, na simu ibaki mfukoni. Majirani watakusanyika kwenye ua na kuuliza umerogwa na nani, wajibu baadaye. Watoto wape kazi ya kukaa kimya kwenye kigogo, na atakayeweza apewe kikombe cha karanga. Punda atakwenda mbali nawe kadiri zizi linavyoruhusu, atakupa makalio, kisha sikio moja litageuka. Sikio hilo ndilo unalolingoja. Likigeuka kwako, rudi nyuma hatua moja. Umemwambia kwamba kukutazama kunampunguzia shinikizo, na umemwambia kwa lugha anayoitumia na wenzake. Dakika 10 zikifika, toka. Usimkimbize ili somo lionekane limefanyika.

Baadhi ya wanaofundisha farasi, akiwemo Mmarekani Monty Roberts aliyelifanya jambo hili lijulikane duniani, huanza kwa kumsukuma farasi azunguke mduara mpaka aombe amani. Kwa farasi kuna mantiki, kwani ameumbwa kukimbia. Akiogopa kitu anaondoka kwanza, anafikiri baadaye. Punda ametokana na mnyama wa nchi kavu ya mawe, na akiwa na shaka anasimama. Anasimama afikiri. Sisi tukaliita jambo hilo ukaidi, tukalijibu kwa fimbo, naye akaongeza sababu nyingine ya kusimama. Ukimkimbiza mduarani atakimbia raundi mbili, atasimama, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayekimbia. Kwa hiyo mpe muda. Akisimama mbele ya kitu kipya, turubai au dimbwi, simama naye, utazame nawe kitu hicho. Akimaliza kufikiri atapita, na kesho hatasimama tena pale.

Ukiona sasa anakuruhusu kusogea, jifunze mahali pa kusimama. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Nyuma kabisa ya mkia hakuoni, na mbele karibu na paji la uso hakuoni. Mwendee kutokea upande wa bega, mwendo wa pembe, na uishie kabla hajaondoka. Mguse begani, mkwaruze kidogo, kisha uondoke wewe. Kuondoka kwako ndiyo malipo. Ukishazoeleka, mwili wako unatosha kumwelekeza: ukisimama usawa wa nyonga zake na kuzitazama, atasonga mbele; ukisogea mbele ya bega, atapunguza mwendo au atageuka; ukirudi nyuma na kulegeza mabega yako, atakuja. Usimame nje ya eneo la mateke wakati wote unapokuwa upande wa nyuma. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, na mimi nasema anayepigwa teke kwa kawaida amemtokea mnyama nyuma bila hodi.

Akija kwako kwa miguu yake, mlipe papo hapo, kabla hujajisifu. Kipande kidogo cha mchembe, yaani kiazi kitamu kilichokaushwa, kilicholowekwa kikalainika, au cha karoti, kwenye kiganja kilichonyooshwa. Kikubwa na kikavu kinaweza kumkaba. Wala usimjaze, mara nyingine mkwaruzo chini ya singa unatosha, na wengine huupenda kuliko chakula. Akianza kukupekua mifuko na kukuuma mkono, chakula kiwekwe kwenye beseni nje ya zizi akipate somo likiisha. Atakapolamba midomo na kutafuna hewa, usitangaze ushindi. Huenda anapumua baada ya wasiwasi tu. Tazama mwili mzima: kichwa kimeshuka, mkia umetulia, sikio liko kwako. Hapo tembea hatua tatu ubavuni kwake. Akizitembea nawe, simama. Akisimama, kazi ya siku hiyo imekwisha hata kama jua ndiyo kwanza linachomoza.

Mtu ataniuliza faida. Punda anayekuja akiitwa huvikwa mikanda bila vita, hapotei porini, hamvunji mtoto mguu wakati wa kufungwa mkokotenini, na hurudi nyuma kwa neno anapotakiwa kusogeza mzigo wa mchele sokoni. Usiku mwizi akija, punda aliyezoea mtu wake hafuati mgeni kirahisi. Na mwizi yupo, anaitafuta ngozi. Shinyanga ilikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikisafirishwa kwenda China kuchemshwa zitengenezwe ejiao, dawa inayosifiwa huko. Serikali ilisimamisha uchinjaji mwaka 2017, ukarudi, ukapigwa marufuku tena mwaka 2021. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, naye huzaa mmoja. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na machinjio, na kijiji kilichouza punda wake wote hurudisha madumu ya maji kwenye vichwa vya akina mama.

Onyo moja la mwisho ambalo sitalipamba. Uhuru huu ni wa zizini, na baadaye wa kwenye ngitili, mahali penye nyasi na pasipo magari. Barabara ya lami inayotoka Isaka kupita Kahama kuelekea Rwanda na Burundi ina malori mchana na usiku. Huko punda avae hatamu yake na kamba iwe mkononi mwako, hata awe amefuzu namna gani. Lamu, ambako mitaa ya mji wa kale haina nafasi ya magari, punda hutembea wenyewe, na kituo cha kuwatibu kipo tangu mwaka 1987. Nyahanga si Lamu. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatuhusu sisi kama inavyomhusu kila mfugaji wa nchi hii, na inakataza kumtesa mnyama awe anavuta maji au mawe.

Basi anza Jumapili hii asubuhi, mkokoteni ukiwa umepumzika. Mkague kwato na shingo, mwingize zizini na mwenzake, usimame dakika 10 mikono mitupu. Jumatatu, kabla ya kufunga mzigo wa kwanza, mpelekee fundi viatu au fundi maturubai kipimo cha kifua cha punda wako akushonee mkanda, na ile nira umrudishie maksai.