Jinsi ya Kuuliza Jina la Mtu Naivasha Bila Kuuliza Kabila

Kabla hujamwuliza mtu wa Naivasha jina la babake, kula kwanza, na uhakikishe huna haraka. Swali lenyewe ni la nusu dakika, lakini jibu lake linaweza kumaliza asubuhi nzima, na ukilikatiza katikati utakuwa umemvunjia heshima marehemu ambaye hukuwahi kumwona. Mwenye haraka na aulize njia ya kwenda stendi.

Pa kuanzia ni Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake, jioni mabasi ya mashamba ya maua yanaposhusha watu. Maua yamewaita hapa kutoka Siaya na Bungoma, Kisii na Machakos, Murang'a na Bomet, wakapanga vyumba kwenye ploti za mabati zenye mfereji mmoja. Usitarajie kusikia jina la ukoo hapo mferejini. Kila mtu ni Mama Brayo, Baba Shiro, Mama Mapacha. Majina ya mwisho hulala pamoja na kitambulisho; huamshwa kwa ajili ya karani wa shamba, kliniki na M-Pesa. Wapo majirani walioazimana chumvi kwa miaka, na siku mmoja alipomtumia mwenzake pesa ndipo simu ilipomfunulia kwamba Mama Brayo ni Nafula.

Simu ikishakufunulia, kazi yako imeanza, na sharti la kwanza ni kutokimbilia kabila. Wakenya tuna kipaji cha kusikia jina la mwisho na kujibu papo hapo kwa kutaja kaunti. "Otieno? Ah, wewe ni wa kule." Aliyejibu hivyo amesikia kabila tu, jina limempita.

Chukua Otieno lenyewe. Waluo humwita hivyo mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku, na wa kike ni Atieno. Omondi alikuja alfajiri, Onyango asubuhi jua likipanda, Ochieng' jua likiwaka, Odhiambo jioni. Ouma alitoka kifudifudi, Owino alikuja amezungukwa na kitovu, na Oyoo alimkuta mamake njiani. Kwa mapacha, Opiyo ndiye aliyetangulia, Odongo akafuata, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Okello. Sasa angalia jina limeketi wapi. Kijana anayeitwa Kevin Otieno huenda alizaliwa saa sita mchana, wauguzi wamemzunguka. Usiku ule ulikuwa wa babake. Ukimwambia "kumbe wewe ni wa usiku" atakucheka, na ana haki. Mwulize babake alizaliwa wapi usiku huo, na umtazame usoni anapoanza kukumbuka.

Kwa Wakalenjin hesabu ni hiyo hiyo, ila mara nyingi saa yao ni ng'ombe. Kipng'etich huzaliwa ng'ombe wakiinuka kwenda malishoni, Kiprotich wakirudi nyumbani. Kipkoech ni wa mapambazuko, Kipkemboi wa usiku, Kipruto wa safarini. Zamani kijana akishatahiriwa alichukua "arap", yaani mwana wa, pamoja na jina la babake lililovuliwa Kip: mwana wa Kiprotich akawa arap Rotich. Wamaasai nao wana "ole" yao, na kule Iceland mpaka leo mtoto hubeba jina la baba likifuatwa na "mwana wa" au "binti wa", hata kitabu chao cha simu kikapangwa kwa majina ya kwanza. Kwa Wakalenjin wengi arap imedondoka, Rotich akabaki peke yake kwenye kitambulisho. Kwa hiyo yule dada Rotich anayepanga waridi kwa urefu wa vikonyo kwenye pakihausi anatembea na jioni moja ya zizi ambalo pengine halipo tena. Mimi huona hilo ni jambo la kustaajabisha kuliko kujua alipigia nani kura.

Zoezi lako la pili lifanye mvua ikinyesha. Okoth ni mtoto wa mvua kwa Waluo, Kiprop kwa Wakalenjin, Wambua kwa Wakamba. Wafula na Nafula wa Wabukusu ni wa majira ya mvua, na Nyambura wa Wakikuyu ana mvua ndani ya jina. Ploti moja ya Karagita inaweza kuwa na hao wote chini ya paa moja la mabati. Anayetafuta tofauti zao ataziona, sikatai. Lakini kila mmoja wao, au babake, au bibi wa zamani aliyeanza jina, alipokewa duniani na mtu aliyekuwa akisikiliza mvua.

Nyambura anahitaji uangalifu zaidi, maana huenda alizaliwa kiangazi. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Jina linamrudisha mtu, halielezi siku. Jomo Kenyatta alizaliwa Kamau wa Muigai. Mwanawe akawa Uhuru Muigai, na Uhuru naye akamwita mwanawe Jomo. Hilo Kenyatta, ambalo leo ni la ukoo mzima, lilitokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa mzee ujanani. Kwa hiyo ukiambiwa Nyambura, swali lako ni moja: Nyambura yupi? Hapo ndipo utakapojutia kutokula.

Na ukikutana na Nyokabi, tulia. Mpiga ramli wa makabila atasema ni Mkikuyu na kuondoka ameridhika. Lakini Ukabi ni jina ambalo Wakikuyu wamewaita Wamaasai, na Nyokabi ni wa kutoka kwao. Nyuma ya jina hilo kuna ndoa, vita na njaa za zamani zilizowachanganya majirani hawa wawili mpaka mmoja akaingia kwenye majina ya wajukuu wa mwenzake. Wamaasai wengi waliondolewa kwenye bonde hili baada ya mkataba wa 1904, Waingereza wakitaka ardhi ya walowezi. Jina la Naivasha, ambalo ni lao, halikuhamishwa, na Nyokabi pia hakuhamishwa.

Walowezi nao usiwaruke. Shuka Delamere, pale magari ya Nakuru yanaposimama abiria wanunue mtindi. Delamere ni cheo. Jina la ukoo la yule Lord Delamere aliyefika nyanda hizi mara ya kwanza 1897 ni Cholmondeley, nalo hutamkwa Chamli. Herufi 12, silabi mbili. Mgeni yeyote aliyekuharibia Ng'ang'a au Nyong'o, mwandikie hilo kwenye karatasi umpe alisome kwa sauti. Chimbuko lake ni uwanja uliofyekwa msituni huko Cheshire, wa mtu aliyeitwa Ceolmund. Delamere nalo linatoka kwenye msitu wa huko huko, msitu wa maziwa: maziwa ya maji, si haya ya kwenye jokofu la dukani.

Halafu nenda Hell's Gate uutazame mnara wa Fischer, ule mwamba uliosimama peke yake langoni. Gustav Fischer, Mjerumani, alifika Naivasha 1883. Jina lake ni Mvuvi, na alifika kwenye ziwa ambalo samaki wanaouzwa leo mjini walikuwa bado hawajaletwa. Mwaka huo huo alipita Joseph Thomson, mwana wa Tom, ambaye kwa mpango wa Wakalenjin angekuwa arap Tom na asingeshangaza mtu.

Siku za mbio za magari za Safari, zilizorudi kwenye mashindano ya dunia 2021 na makao yake yakawa hapa Naivasha, majina huja yenyewe hadi mlangoni. Tommi Mäkinen wa Finland, mshindi wa 1996, ni Bwana Kilima. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, mashabiki walimwita Simba wa Kenya, na Singh ni simba tayari, jina walilopewa wanaume wa Kisikh waliobatizwa tangu 1699. Ukipata Mhindi mzee wa Nakuru mwenye subira, mwombe akueleze majina ya biashara. Bombay ya karne ya 19 ilikuwa na tajiri Cowasji Jehangir Readymoney, yaani Pesa Taslimu, na watu waliokopa kwa ukoo ule walijua kwa nini.

Majina ya wanawake yanataka sura yake. Elsamere, nyumba ya Joy Adamson kando ya ziwa, ilikuwa ya mwanamke aliyezaliwa Gessner, akawa von Klarwill, akawa Bally, kisha Adamson, ndoa moja baada ya nyingine. Wangari Maathai, aliyeishi utotoni kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru alikofanya kazi babake, alitalikiwa 1979. Mumewe hakutaka aendelee kuitwa Mathai. Yeye akaongeza herufi moja, a, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Kwa hiyo ukimkuta mwanamke ana jina la mwisho lisilofanana na la mumewe wala la watoto, usimsahihishe. Amelifikiria kuliko wewe.

Kuna sababu ya mimi kushikilia jambo hili kwa nguvu. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, mji huu uliuliza majina kwa nia nyingine. Jina la mwisho likawa hukumu, na mtaani Kabati watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba, wengi wao wanawake na watoto. Waliowasha moto hawakutaka kujua nani alizaliwa alfajiri na nani alizaliwa njiani. Kusoma jina kama kabila tulifundishwa pia na karatasi: kile kipande ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuvaa shingoni tangu miaka ya 1920 kiliandika vyote viwili pamoja. Wapo watu Naivasha ambao swali "jina la baba?" huwakausha mate hadi leo. Kwa hiyo usianze wewe kuuliza. Taja lako, pamoja na hadithi yake, halafu ngoja. Asipotaka kulitaja la babake, mwite Mama Brayo maisha yake yote. Ni jina kamili.

Zoezi la mwisho ni gumu, na linaongezeka ugumu kila mwaka. Tuseme baba ni Ochieng', mama alizaliwa Murang'a, wamekutana kwenye grinihausi. Mtoto wao wa pili wa kike, kwa desturi ya kwa mamake, ni wa nyanya mzaa mama. Kwa desturi ya kwa babake, mvua iliyonyesha siku ile haiwezi kupuuzwa. Hakuna aliyekubali kushindwa, na mtoto anaitwa Wanjiku Akoth Ochieng'. Usimwulize ni wa wapi. Ni wa Karagita. Mwulize mamake mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, atakujibu hapo hapo akiwa anafua. Ukitaka kujua ni Wanjiku yupi, atamwita nyanya atoke nje.