Gari Lisilo na Ugonjwa

Katika mji wetu wa Elburgon, baina ya Njoro na Molo, pale ambapo ukungu wa msitu wa Mau huchanganyika kila asubuhi na moshi wa viwanda vya mbao hata mgeni asitambue upi ni upi, kuna taifa dogo la watu waliojaliwa subira nyingi na fedha chache, nao ni wapenzi wa magari kuukuu. Mimi ni mmoja wao. Wako waliofungwa na mapenzi ya Land Rover, na wako wa Datsun. Jamaa zangu na mimi tumeangukia Peugeot 504, gari lililozaliwa Ufaransa mwaka 1968, likachukua abiria wa Bonde la Ufa kwa dahari ya miaka, na ambalo leo aghalabu hukutwa limelala nyuma ya nyumba, kuku akiatamia mayai kwenye kiti cha dereva.

Vipuri vyake vimeadimika, na kwa sababu hiyo tumejikusanya katika kikundi cha WhatsApp, mtu wa Molo akimuuliza wa Nakuru habari za kabureta, wa Nakuru akimwelekeza kwa fundi wa Grogan jijini Nairobi, na wote pamoja wakiisikitikia bampa ya chuma ambayo mjukuu wa fulani alimuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mahali penye huba ya namna hii, ayari hachelewi kufika. Hana haja ya kujua magari. Yamtosha kujua kwamba sisi tunayataka. Huiba picha nzuri, huweka bei ya chini ya kutosha kututia tamaa, wala si ya chini hata ikatuzindua, kisha huleta habari za mteja mwingine aliye njiani kutoka Nakuru na bunda la noti mfukoni, ambaye yeye muuzaji, kwa mapenzi yake kwetu, yu radhi kumrudisha alikotoka, maadamu tutume upesi elfu kumi za kushikilia. Mteja huyo wa Nakuru yu njiani tangu nilipojiunga na kikundi. Nahofia petroli imemwishia Njoro.

Wataalamu wana dawa zao, nazo si za kudharauliwa. Kwa ada ndogo mtu aweza kupata kupitia eCitizen nakala ya kumbukumbu za gari zilizoko NTSA, akaona jina la mwenyewe, nambari ya chesisi na ya injini, na kama iko benki yenye haki juu ya gari hilo. Aliyekwisha kutuma fedha kwa M-Pesa naye aweza kuupeleka ujumbe ule kwa 456 kuomba zirudishwe, ombi ambalo halifai kitu ikiwa mpokeaji keshazitoa, na ayari huzitoa kabla simu yako haijarudi mfukoni. Lakini kwangu mimi dalili iliyo bora haipatikani serikalini: mwenye gari kuukuu wa kweli hulalamika.

Juzi bwana mmoja wa Turi alitangaza 504 yake kwa maneno ambayo niliyasoma kwa furaha kuu: “Mlango wa nyuma kushoto hujifungua ukipita tuta. Eksosi imefungwa kwa waya. Gia ya tatu haiingii mpaka uibembeleze. Sakafu upande wa abiria ina tundu, lakini nimeziba na kipande cha saipresi. Mimi sitaki kuuza. Mama watoto ndiye ameamua.” Nani angeweza kuyabuni hayo? Kila kasoro ina tarehe yake moyoni mwa mwenyewe, naye huitaja kwa sauti ya mzazi anayemlalamikia mtoto mtundu huku akitazamia umsifie macho yake. Ayari hana kasoro ya kutaja, kwa kuwa hana gari. Yeye huuza gari lisilo na ugonjwa.

Mmoja wa aina hiyo alituingilia majira ya mvua, wakati matope ya Elburgon yamekwisha kutufungia majumbani na kila mtu ana wasaa wa kutazama simu. Alijitambulisha kuwa mkazi wa Molo, akaleta picha ya 504 nyeupe, safi hata ikatutia haya, akasema haijapata kuvuka mipaka ya Molo tangu inunuliwe. Mzee wetu mmoja, aliyestaafu kazi ya kupima mbao kiwandani, hakulitazama gari. Alitazama nyuma yake.

“Kijana wangu,” akaandika, “huo mti ni mnazi.”

“Ni wa mapambo tu, mzee wangu.”

“Una nazi.”

Mwingine akauliza, kwa adabu, mbona usukani uko kushoto. Akajibiwa kwamba picha ilipigwa kutoka upande wa pili. Nami nikauliza kama kabureta imepunguzwa mafuta kulingana na mwinuko wetu, kwani huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini iliyopimwa pwani hunywa petroli kuliko haja yake ikatoa moshi mweusi. “Hewa haina shida, mkubwa,” akanijibu, “AC inapuliza vizuri sana.” AC, Elburgon! Mji ambao jiko la makaa huingizwa sebuleni kabla ya magharibi.

Hata hapo tungeachana kwa salama, lau asingetaka kulipandisha gari lake daraja. Akaandika kwamba hili ndilo Joginder Singh aliloshindia Safari Rally mwaka 1975. Uongo wa mnazi tuliustahimili, wa usukani tuliusamehe. Huu uligusa dini. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, ambaye kwa kawaida huandika “Amina” na kunyamaza, akajitokeza na ujumbe usio na mwisho: kwamba Joginder, Mungu amrehemu, alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, kwamba mshindi wa 1975 alikuwa Ove Andersson wa Uswidi, kweli kwa Peugeot 504, kwamba kabla yake 404 ilikwisha kushinda 1963, mwaka ambao magari 7 tu yalifika mwisho kati ya 84 yaliyoanza, tena 1966, 1967 na 1968, na kwamba mtu asiyeyajua hayo hastahili hata kuiba picha ya gari hilo. Wengine wakadakia. Huyu akaleta habari za baba yake aliyesimama kando ya barabara kula vumbi la madereva, yule akabisha kuhusu njia waliyopita, na baina ya hoja hizo zote kijana akawa anachomeka ombi lake: elfu kumi zikawa elfu mbili za mafuta, elfu mbili zikawa mia tano, nami nikahisi kwamba hauzi tena bali anajikomboa. Hakuna aliyemjibu habari za mafuta. Aliulizwa nani aliyeshinda 1968.

Usiku ulipopevuka akaandika, “Wazee, mimi nimeshindwa na nyinyi,” akatoka kikundini.

Aliyehuzunika ni Mwalimu, kwa kuwa alikuwa hajafika 1978, ushindi wa Jean-Pierre Nicolas, sehemu anayoipenda kuliko zote. Akamsihi msimamizi wa kikundi amrudishe kijana yule, kwa dhamana yake yeye Mwalimu, walau mpaka somo likamilike. Msimamizi akakataa, na hivi ninavyoandika hawasemezani.