Muulize Shangazi Hadubini

*Shangazi, shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa mteknolojia wa maabara, ngazi ya stashahada. Daftari zima nimelimeza. Rafiki yangu anasema nikiulizwa udhaifu wangu nijibu kwamba napenda kazi kupita kiasi. Nijibu hivyo? – Mtarajiwa, Kibaha*

Marahaba mwanangu. Usithubutu. Kufikia saa nne asubuhi jopo litakuwa limeshawasikia wapenda kazi kupita kiasi kadhaa, nusu yao wamechelewa kufika. Taja udhaifu wa kweli, ila usiseme mwandiko mbaya. Maabara, mwandiko mbaya humpa mgonjwa majibu ya jirani yake.

Hilo daftari litakufaa kwenye mchujo wa kuandika. Ukishaingia mbele ya jopo wanatafuta kingine: kama unajua kukataa. Kutakuwa na mama mwenye miwani ya kamba, sauti laini. Atakuuliza: "Saa nane usiku muuguzi wa zamu, mkubwa wako kwa umri, anakuletea tyubu ya zambarau isiyo na jina. Anaapa ni ya mgonjwa wa kitanda cha tatu. Utafanyaje?" Hapa ndipo watoto waliolelewa vizuri wanapoanguka. "Nitamheshimu dada, nitaandika jina atakalonitajia." Kwaheri! Wewe sema utaikataa, utaiingiza kwenye rejesta ya sampuli zilizokataliwa pamoja na sababu, na utaomba damu nyingine ichukuliwe, jina liandikwe palepale kitandani. Dada mpe shikamoo yake; tyubu usiipokee.

Mama wa miwani hatakuachia hapo. Ataongeza kwamba mgonjwa ni mzazi, anavuja damu, na daktari anafoka kwenye simu. Sawa, lakini tyubu bado haina jina, kwa hiyo hujui unapima kundi la damu la nani. Kwa dharura ya namna hiyo hutolewa O hasi, daktari akiweka saini, huku sampuli mpya ikiwa njiani. Jibu hivyo bila kutetemeka, utaona kalamu yake inavyoandika.

Kisha ataamka mzee wa pembeni uliyedhani amesinzia. "Potasiamu imesoma 9. Mgonjwa yuko korido anakula chipsi mayai." Anataka kujua kama utachapisha majibu kimyakimya kwa kuwa mashine imesema. Mashine imesema, ndiyo, lakini imeulizwa nini? Itazame kwanza ile seramu. Ikiwa nyekundu, chembe za damu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Ikiwa safi, kimbilia kalsiamu. Ukikuta nayo imeporomoka, shuku kuna mtu alipungukiwa damu kwenye tyubu nyekundu akajazia ya zambarau. Ile dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kukamata kalsiamu. Basi majibu yanazuiwa, wodi inapigiwa simu hapohapo, damu inachukuliwa upya haraka. Mgonjwa na aendelee na chipsi zake, labda awe ameandikiwa pia sukari ya kabla ya kula.

*Shangazi, mimi nimezoea mashine: naweka damu, nabonyeza, majibu yanatoka. Sasa nasikia kuna usaili wa vitendo. – Kidole Kimoja, Mwanza*

Pole. Mezani utakuta hadubini na slaidi, kitufe hakuna. Damu isambaze kwa mkono mmoja usiosita mpaka itoke na umbo la ulimi. Lenzi ya x100 ndiyo ya mafuta. Ukiichovya ya x40 kwenye mafuta msimamizi atashika tama. Lenzi usiifute kwa koti. Na usitangaze "hakuna vimelea vya malaria" kwa kuchungulia mara tatu: tone zito huangaliwa maeneo 100 kabla ya kutamka neno hilo. Zipo zahanati ambazo bado zinasoma slaidi kila siku. Nenda kaombe kujitolea, hata kwa wiki chache, shingo izoee.

*Mimi ni mzazi. Kijana wangu naye ameitwa kwenye usaili wa maabara. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha kidato cha nne kinasema Saidy. Kuna tatizo? – Baba S., Singida*

Lipo, mzee wangu, na limekaa kwenye ile "y". Kwenye meza ya uhakiki hakuna anayejali kwamba ni mtoto yuleyule. Ashughulikie hati ya kubadili jina, isajiliwe, leo si kesho. Abebe vyeti halisi, maana karatasi ya matokeo haipokelewi, pamoja na cheti cha usajili cha Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya na leseni iliyo hai. Nauli, chakula na malazi ni juu yake. Matangazo ya usaili husema hivyo kila mara, na kila mara wapo wanaoshangaa.

*Shangazi, kuna mjomba ananiuzia maswali ya usaili kwa laki tatu. Anasema yeye mwenyewe ameshafanya huo usaili mara nne. – Nina Haraka, Dar es Salaam*

Mara nne? Mwombe risiti.