Barua ya Wazi kwa Meneja wa Umeme: Ombi la Kuhamishia Nguzo Sebuleni

Mheshimiwa Meneja,

Chanzo cha kelele za umeme hutafutwa kwa redio ndogo ya betri. Redio huwekwa kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, kisha swichi kuu ya nyumba huzimwa. Mkwaruzo ukikatika, chanzo kimo ndani: swichi kuu huwashwa tena, sakiti breka huzimwa moja moja, na ile inayonyamazisha redio ndiyo yenye chaja mbovu, taa ya LED ya bei poa au soketi iliyolegea. Mkwaruzo ukiendelea nyumba ikiwa gizani, chanzo kiko nje, kwa jirani au kwenye laini.

Nyutro ya laini ikilegea au kukatika, redio haihitajiki. Taa za nyumba moja hufifia huku za jirani aliye kwenye fezi nyingine zikizidi makali. Volti 230 hupanda kuelekea 400, na friji huungua.

Hayo Shirika la umeme linayajua. Hata hivyo mafundi wa dharura wana jibu moja, nao hulitoa bila kushuka garini: tatizo liko ndani ya nyumba.

Kwa kuwa cheche huonekana usiku juu ya nguzo, na tatizo siku zote liko ndani, inaombwa kwa unyenyekevu nguzo ihamishiwe sebuleni. Itapewa kona yenye hewa, mkeka na chandarua kirefu. Itaandikishwa kwa mjumbe wa nyumba kumi kama mkazi wa kudumu. Siku mbili italishwa kama mgeni. Ya tatu itapewa jembe.

Inaombwa pia gari la dharura lipewe ngazi, na namba ya taarifa anayopewa mteja ipokelewe dukani kununulia friji mpya.

Friji moja iliyoungua mtaani ilikuwa na samaki wa kuuza, na samaki hao walikuwa ada ya mtoto. Mwenye nayo aliambiwa atafute fundi wake. Akaja kishoka, fundi asiye na kibali, akala pesa, akaondoka. Nguzo ikaendelea kurusha cheche. Huo ni wizi, na mlango wake umefunguliwa na ofisi.

Shirika lituwie radhi. Maneno hayo ni mkwaruzo wa redio tu.

Wakati ombi likishughulikiwa, mteja anayeona taa zimezidi makali azime swichi kuu, asiguse waya wa nje wala lakiri ya mita. Kukaza nyutro ya laini si kazi yake. Ni kazi ya Shirika: fundi ashuke garini, apande nguzo.

Wateja wa mtaa